Anemoni waharibifu tangini: kwa nini kuwakwangua huwaongeza

Chukua kisu, mkwangue aiptasia mmoja, yule anemoni mdogo wa kahawia, kutoka kwenye jiwe la tangi lako la maji ya chumvi, na baada ya wiki chache huenda ukamkuta amerudi pamoja na ndugu zake kadhaa. Si mkosi, wala si kwamba hukukwangua vizuri. Ndivyo mnyama huyu anavyozaana. Ushauri unaotolewa kuhusu kupambana naye ni mwingi na mara nyingine unapingana, lakini ukishajua anaongezekaje na anakula nini, utaweza kuupambanua mwenyewe.

Tuanze na kuongezeka. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Exaiptasia diaphana. Wafugaji wameendelea na jina la zamani, aiptasia. Kwa kawaida ana kimo cha sentimita chache tu, mwili mwembamba kama bomba, rangi ya kahawia inayopenya mwanga, na juu yake duara la minyiri mirefu iliyochongoka. Anashikilia jiwe kwa unyayo. Anapohama, na huwa anahama polepole sana, unyayo huo huacha nyuma vipande vidogo vya nyama. Kila kipande hujifunga jeraha, huota mdomo na minyiri, na ndani ya wiki chache ni anemoni kamili anayekula mwenyewe. Hahitaji mwenza. Anaweza pia kuzaana kwa mayai na mbegu za kiume, lakini kwa tangi la nyumbani njia ya vipande inatosha kabisa kuleta balaa.

Wanasayansi wameifanya tabia hii kuwa faida. Aiptasia hutumika maabarani kuchunguza jinsi matumbawe yanavyoishi na mwani, na jenomu yake, yaani ramani nzima ya jeni zake, ilichapishwa mwaka 2015. Ukoo mmoja unaotumika sana, uitwao CC7, wote ni nakala za mnyama mmoja. Sifa ileile inayomfurahisha mtafiti ndiyo inayomtoa jasho mfugaji.

Kwa hiyo kisu, mswaki au kidole humsaidia tu kufanya kazi aliyokuwa akiifanya mwenyewe. Zaidi ya hapo, akiguswa hujivuta ndani ya tundu la jiwe kufumba na kufumbua, na ukiendelea kumsumbua hutoa nyuzi nyeupe kupitia vitundu vya ubavuni mwake. Nyuzi hizo zimejaa seli za sumu. Ndizo, pamoja na minyiri, zinazochoma tumbawe jirani mpaka nyama yake irudi nyuma na kuacha mfupa mtupu. Samaki mwenye kasi hahangaiki sana, lakini farasi-bahari na samaki wengine wazito huumia, na tangi la farasi-bahari ni mahali ambapo nisingemvumilia aiptasia hata mmoja.

Sasa chakula. Aiptasia ana riziki mbili. Ya kwanza ni vijimwani vinavyoishi ndani ya seli zake, vinavyotumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji. Ndivyo vinavyompa ule ukahawia. Ya pili ni chochote kinachopita: makombo ya chakula cha samaki, vijidudu vya majini, unga wa kulishia matumbawe. Riziki moja ikikatika, anaishi kwa nyingine. Maabarani wapo aiptasia weupe wasio na mwani kabisa, wanaotunzwa gizani kwa muda mrefu mno na kulishwa viluwiluwi vya artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi. Ndiyo sababu kuzima taa kwa siku tatu au wiki, mbinu inayotajwa mara kwa mara, haimuui: anafifia rangi, anasinyaa kidogo, na matumbawe yako ndiyo yanayoumia kwanza. Ukimkuta aiptasia mweupe ndani ya bomba au nyuma ya chujio, usidhani anakufa. Huyo anaendelea na maisha.

Kabla ya kununua dawa au mnyama wa kumla, hakikisha unapambana na nani. Minyoo ya vishada hudhaniwa kuwa anemoni kila siku. Wao wana shada linalofanana na unyoya, na hujivuta ndani ya mrija waliojijengea. Hawana uso wa duara wenye mdomo katikati. Hao hawadhuru kitu, waache. Mgeni wa pili ni Anemonia manjano, ambaye wafugaji wengi humwita majano. Ni mfupi na mnene kuliko aiptasia, minyiri yake ni mifupi yenye ncha zilizovimba, na rangi yake inaweza kuwa ya kijani au hata kuwa na ncha za waridi. Anapendeza, na wapo waliomtunza miezi mingi wakiamini ni kinda la anemoni anayekaliwa na samaki klauni.

Kutofautisha hawa wawili si udadisi wa kitaaluma. Wanyama mashuhuri wanaomla aiptasia, yaani kamba wa mistari na konokono uchi nitakaowaeleza hapo chini, kwa kawaida hawamgusi majano. Mtu akinunua konokono kwa ajili ya majano, amenunua wanyama wa kufa njaa. Kwa majano tegemea chokaa, gundi, au kulitoa jiwe zima.

Swali linalofuata ni wangapi, na wako wapi. Hapa ndipo wengi wanapokosea mpango. Anemoni watatu juu ya jiwe unaloweza kulitoa kwa mkono hawahitaji dawa wala mnyama: toa jiwe. Likiwa dogo na halina kitu cha thamani, liache nje ya maji likauke kabisa kwa wiki kadhaa. Litapoteza bakteria wake wazuri, kwa hiyo ukilirudisha lihesabu kuwa jiwe jipya.

Lakini usilichemshe. Sitanii hapa. Baadhi ya viumbe wanaoota juu ya mawe ya tangi, hasa palithoa (viumbe laini wanaofanana na anemoni wadogo) na jamaa zake, wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Jiwe likichemshwa, sumu hiyo inaweza kupanda na mvuke na kuingia mapafuni, na kuna familia zilizoishia hospitalini kwa njia hiyo, watoto na wanyama wa nyumbani wakiwemo. Kuwakwangua palithoa chini ya maji ya moto au kuwasugua kwa brashi mpaka matone yaruke ni hatari ileile.

Anemoni wakiwa kati ya wachache na kama ishirini hivi, na mawe hayatoki, dawa ya kupaka ndiyo njia yenye maana. Dawa nyingi za dukani hufanya kazi kwa ukali wa alkali, na toleo la nyumbani ni chokaa safi iliyozimwa, yaani haidroksidi ya kalsiamu, ileile inayotumika kuongeza kalsiamu kwenye matangi ya matumbawe. Maji yaliyoshiba chokaa hii hufikia pH (kipimo cha asidi na alkali) ya karibu 12.4, wakati maji ya tangi yapo kati ya 8 na 8.4. Ukiikoroga na maji kidogo ikawa uji mzito, kisha ukaiweka mdomoni mwa anemoni kwa sirinji, inamuunguza kuanzia ndani.

Ufundi wote upo katika kumfanya asijifiche. Zima pampu zote ili uji usisambae. Subiri dakika chache mpaka maji yatulie na anemoni atanuke. Lete ncha ya sirinji kutoka juu, polepole, bila kumgusa, umdondoshee tone kwenye uso wa mdomo kama vile unamlisha. Wengine hutia kidogo majimaji ya chakula cha samaki kwenye uji ili aumeze mwenyewe, na mbinu hii husaidia kwa kweli. Akishafunga, mfunike yeye na tundu lake kwa uji zaidi. Acha pampu zikiwa zimezimwa kwa takriban dakika 15 hadi 20, kisha vuta mabaki kwa mrija mwembamba kabla hujaziwasha. Uji ukidondokea tumbawe, utaliunguza vilevile.

Usiwatibu wote siku moja. Tangi la lita 100 linabadilika pH haraka kuliko la lita 500, na samaki hawapendi mabadiliko hayo. Watatu au wanne kwa kikao kwenye tangi dogo, kisha pumzika siku moja au mbili, ni mwendo wa busara. Vaa glavu na miwani ya kinga. Chokaa hii ikiingia jichoni ni ajali kubwa.

Siki, limau na maji ya moto hutajwa pia. Vinaweza kuua vikifika vyote ndani ya mwili, kwa sindano, lakini ni vyepesi, hutawanyika upesi, na sindano iliyopita pembeni humkera tu anemoni akajivuta na vipande vyake. Sivipendi. Gundi ya papo hapo ya aina ya jeli au epoksi ya majini ni bora zaidi pale anemoni alipo ndani ya tundu dogo: ziba tundu zima, na uzibe kwa upana, maana akipata upenyo atatokea upande wa pili.

Wakifika mamia, sirinji haitoshi. Unaua kumi huku vipande ishirini vinaota mahali usipopaona: chini ya mawe, nyuma ya mapambo, ndani ya bomba. Hapo unahitaji mnyama anayewatafuta usiku na mchana bila wewe. Kila mmoja wa wanyama hawa ana masharti yake, na wauzaji hawayataji sana.

Kamba wa mistari wa jenasi ya Lysmata, hasa Lysmata boggessi na Lysmata wurdemanni, ndio chaguo la kwanza la wengi kwa kuwa wanapatikana kwa urahisi na wanaishi tangini kama wakazi wa kawaida. Wanakula aiptasia wadogo kweli. Mara nyingi kinachowazuia ni shibe. Kamba anayepata makombo ya kutosha kila jioni hana sababu ya kwenda kuchomwa na anemoni. Punguza chakula, waweke kadhaa badala ya mmoja, na usitarajie wamalize wale wakubwa. Hao wamalize wewe kwa chokaa. Angalia pia usiuziwe Rhynchocinetes durbanensis, kamba mwekundu mwenye mistari na madoa meupe, macho makubwa na nundu mgongoni. Huyo hula polipu za matumbawe, yaani vile vijinyama hai vyenyewe. Lysmata hana nundu ya namna hiyo, na mistari yake myekundu ni myembamba, juu ya mwili unaopenya mwanga.

Kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, ni mzuri wa kutazama na wapo wanaofyonza aiptasia mmoja baada ya mwingine. Wapo pia wasiowagusa kamwe. Zaidi ya hayo ni samaki mgumu kumzoesha chakula, na wengi hufa kwa njaa katika wiki za mwanzo. Anahitaji tangi kubwa lililokomaa. Kumnunua kama dawa, bila nia ya kumtunza kwa miaka, naona si haki kwake. Acreichthys tomentosus, samaki mdogo wa ukoo wa karibu na kikande, ni mgumu wa maisha kuliko kitatange na mara nyingi hula aiptasia kwa bidii, ila aiptasia wakiisha anaweza kuwageukia zoanthi (jamaa za palithoa) na matumbawe ya nyama nene. Kwenye tangi la samaki watupu ni chaguo zuri sana. Kwenye tangi la matumbawe ya gharama, ni kamari.

Anayebaki ni Berghia stephanieae, konokono uchi wa baharini mwenye urefu wa sentimita mbili hivi, asili yake Florida. Huyu hana chakula kingine isipokuwa aiptasia na jamaa zake wa karibu sana. Hatakula tumbawe, hatakula mwani, hatakula makombo. Mgongoni ana vidole laini vilivyosimama, na seli za sumu anazozimeza kutoka kwa aiptasia huzihifadhi nchani mwa vidole hivyo bila kuzilipua, zikawa silaha yake mwenyewe. Hutoka gizani, hukaribia anemoni hata mkubwa, na kumla taratibu kuanzia mguuni au minyirini.

Wanaolalamika kwamba Berghia hawafanyi kazi mara nyingi waliweka wawili watatu kwenye tangi la lita 400, wakangoja wiki mbili, wakakata tamaa. Hesabu yake ni ya vizazi. Konokono hao hutaga nyuzi nyeupe za mayai zilizojizungusha, na mayai huanguliwa kwa kawaida kati ya siku 10 na 14 kwenye joto la tangi. Watoto huanza kwa kula aiptasia wadogo kabisa, wale ambao jicho lako halijawaona. Unachonunua hasa ni mwanzo wa kundi, na kundi huchukua miezi kufikia ukubwa unaozidi kasi ya aiptasia kuota. Kwa muda mrefu hutaona tofauti yoyote, na konokono wenyewe hutawaona. Kisha, ndani ya wiki chache, mawe huanza kutakata.

Ili kundi lisimame, waweke wengi kwa mara moja badala ya kuwapachika wawili kila mwezi, maana wanahitaji kukutana ili kuzaana. Waachie usiku, pampu zikiwa zimezimwa, kwa kuwadondosha na mrija karibu kabisa na kundi la aiptasia. Funika midomo ya pampu kwa sifongo. Samaki wanaodonoa vidudu kwenye mawe siku nzima watawamaliza, na kamba wa mistari pia huwala wao na mayai yao, kwa hiyo kuchanganya Lysmata na Berghia ni kutupa pesa. Na ukishawaweka, acha chokaa kabisa: huwezi kujua ni wangapi wamelala chini ya jiwe unalolipaka.

Wakimaliza kazi watakufa njaa. Ni afadhali uanze kuwatoa mapema, unapoona aiptasia wamebaki wachache, uwape mfugaji mwingine mwenye shida ileile. Wengine hutunza chombo kidogo cha aiptasia kwa ajili ya kuwalisha, jambo linalochekesha kidogo baada ya vita vyote hivyo, lakini linafaa.

Njia yoyote utakayochagua, kasi ya aiptasia hupangwa na lishe ya tangi. Watu husema tatizo ni naitreti na fosfeti, na kwa sehemu ni kweli, ila namba hizo zaidi ni dalili. Chanzo ni chembe za chakula zinazoelea na kumfikia anemoni kabla ya chujio. Lisha kidogo kidogo, suuza chakula kilichogandishwa kabla ya kukitia, mpe tumbawe chakula chake kwa mrija badala ya kumwaga unga majini. Usiende upande wa pili ukashusha naitreti na fosfeti hadi sifuri. Matumbawe yatateseka kabla ya aiptasia, ambaye kama tulivyoona ana uvumilivu wa ajabu.

Na wote hawa walitoka wapi? Karibu kila mara, walikuja na mawe hai (mawe ya baharini yaliyojaa viumbe), vipande vya matumbawe, mwani wa kuchujia maji, au hata gamba la konokono. Kipande cha tumbawe kikifika, kitazame upande wa chini, pale gundi inapokutana na kidude cha kushikia. Kama inawezekana, kata tumbawe kutoka kwenye kidude hicho na ukitupe, kisha ulibandike kwenye kipya. Kulitumbukiza kwenye dawa ya kuoshea kunaondoa vidudu vingi, lakini aiptasia hujifunga na mara nyingi hupona, kwa hiyo usiitegemee. Karantini ya wiki nne hadi sita kwenye tangi dogo lenye taa inampa kipande cha unyayo nafasi ya kukua mpaka umwone, na tochi baada ya taa kuzimwa husaidia.

Sehemu inayosahaulika ni ile isiyoonekana: kisanduku cha kumwagia maji, mabomba, na tangi la chini lenye chujio. Kuna wafugaji wanaowaacha aiptasia huko kwa makusudi wakisema wanasafisha maji kwa kula makombo. Makombo wanayala, ni kweli, lakini pampu ya kurudisha maji inaweza kuvuta vipande na viluwiluwi vyao na kuvipeleka juu, kwenye mawe uliyokwisha kuyasafisha. Kama huna Berghia tangini, watie kamba wawili watatu wa Lysmata kwenye hilo tangi la chini na usiwalishe zaidi ya makombo yanayowafikia. Huko hakuna samaki wa kuwatisha, na hakuna chakula kizuri zaidi cha kuwafanya wachague.